Waliokwenda kwa Miguu

Tarehe 9 Mei 1975, siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nilifiwa na mke wangu katika zahanati iliyo chini ya kijiji chetu, njia ya kwenda Soni. Alikuwa na kichomi. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na minne na tulikuwa na watoto wanne. Watoto hao wameniuliza mara nyingi mama yao alikufaje, na kila mara nimewajibu kwa maneno machache nikanyamaza. Sasa naandika. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo nitaeleza kwa namna ninayoiweza.

Kwanza lazima niseme habari za machela, maana mimi ndiye niliyeitunza.

Machela ile aliitengeneza baba yangu. Ilikuwa na miti miwili mirefu ya mkaratusi, na katikati wavu wa kamba za katani alizozisokota mwenyewe aliporudi kutoka kibarua cha mkonge huko tambarare. Ilikaa chini ya paa upande wa jikoni, mahali moshi ulipoifikia ili wadudu wasiitoboe. Baba alipofariki ikabaki kwangu. Tulipotakiwa kuacha nyumba zetu za kule vilimani na kukaa pamoja katika kijiji cha ujamaa, nilihama na vitu vichache: milango miwili, mawe ya kusagia, vyungu vya mke wangu, na machela.

Gari halikufika kwetu. Kutoka kijijini hadi zahanati ilikuwa saa moja na nusu kwa mtu mzima anayejua kukanyaga utelezi, na kupanda kurudi ilikuwa zaidi. Mtu akizidiwa, ndugu yake alikuja kwangu. Nami nilimwuliza swali moja tu, lile lile alilokuwa akiuliza baba: "Anakaa?" Maana yake, ukimwinua mgonjwa, je, anaweza kukaa mwenyewe bila kushikwa? Kama anakaa, sikuishusha machela. Haikuwa roho mbaya. Ilihitaji wanaume wanane wa kupokezana, na kuwatoa wanaume wanane kwenye shamba la kijiji siku ya kazi ilikuwa lazima balozi wa nyumba kumi akubali. Tena machela ikipita, watu walisimama kando ya njia na kuvua kofia, na wanawake walianza kulia kabla hata ya kujua ni nani amelala ndani. Hakuna mtu aliyependa kupandishwa bure.

Kila ilipotoka nilikata alama kwa kisu kwenye mti mmojawapo. Baba hakuwa na desturi hiyo, niliianza mimi. Hadi mwezi ule wa Mei alama zilikuwa kumi na moja. Kati ya wale kumi na mmoja, walirudi hai wawili. Mmoja wao alifariki kabla ya mavuno. Wa pili, mama mmoja mnene, anaishi mpaka leo, na sisi tulisema kwamba siku yake haikuwa imefika.

Kwa hiyo sote tulijua kwamba zahanati ile inaua. Nasema tulijua, sisemi tulidhani. Mtu aliyebisha nilimpeleka jikoni nikamwonyesha mti. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, akatoka amenyamaza.

Wapo waliougua huku bado wanatembea. Hao walishuka Jumanne pamoja na wanawake wanaopeleka kabichi na viazi gulioni Soni, wakapitia zahanati, wakachomwa sindano au wakapewa vidonge katika karatasi, wakanunua chumvi na mafuta ya taa, wakarudi. Ukiwauliza wametoka wapi, walisema gulioni. Nasi tuliwahesabu kuwa watu waliotoka gulioni.

Tulikuwa na tabia hiyo katika mambo mengi, wala sisemi kwamba ilikuwa yetu peke yetu. Kulikuwa na mgeni mmoja wa chama aliyekuja kutuhimiza shamba la kijiji. Siku moja alipoondoka tu ikanyesha mvua ya mawe ikachana kabichi zote. Mara nyingine akaja, na jioni yake mvua ya mawe ikanyesha tena. Tangu hapo alipotokea kwenye kona na mkoba wake, tulitazama mawingu kwanza ndipo tukamsalimu. Alikuja kwetu mara nyingi mno bila mvua yoyote. Siku hizo hakuna anayezikumbuka, hata mimi nalazimika kukaa na kufikiri ndipo nizione. Yale mawe nayakumbuka bila kufikiri.

Mke wangu alianza kuugua Jumamosi. Alirudi kutoka shambani anatetemeka, akasema ubavu wa kulia unamchoma akivuta pumzi. Masika ilikuwa bado haijaisha na alikuwa amelowa siku mbili mfululizo akipalilia maharage. Nilimpikia uji. Jumapili alilala, Jumatatu alilala. Jumanne alfajiri nilipotoka kunoa jembe nilimkuta uani amekwisha kuoga, amevaa kanga mbili za kutokea na sweta langu, na tenga dogo la karoti liko miguuni. Alikuwa amejishika ubavu kwa mkono mmoja.

Akaniambia kwamba wenzake wanamngoja kwenye njia panda, karoti atabebewa, na kwamba atapitia kwa dakta. Yule wa zahanati tulimwita dakta, ijapokuwa wenye kujua walisema si dakta hasa.

Nilimwambia hapana.

"Kwa nini?"

"Wanaokwenda kule unaona wanavyorudi."

"Wewe ulirudi," alisema.

Ni kweli. Mwaka mmoja kabla, panga liliniteleza nikajikata mguu juu kidogo ya kifundo. Nilifunga kitambaa, nikashuka nikichechemea, dakta akanishona nyuzi sita, nikarudi. Nilimjibu mke wangu hivi, na maneno haya nayaandika jinsi yalivyotoka:

"Mimi nilikwenda kwa miguu yangu. Sikuwa mgonjwa."

"Na jirani hapo, mke wa fundi cherehani? Alikuwa na kichomi kama changu. Kachomwa sindano, huyo anakwenda kuteka maji."

"Kingekuwa kichomi kweli angebebwa na machela."

Alicheka. Kicheko kilimchoma, akainama, akangoja kipite. Kisha akasema, "Basi baba watoto, nisubiri kwanza niugue vizuri."

Nami nikacheka. Halafu nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kama ugonjwa wake ni mdogo utapona hapa nyumbani, hauna haja ya kuteremka mlima. Na kama ni mkubwa, basi kule ndiko atakakomalizwa. Nilijiona nimesema jambo lenye akili. Nimelirudia kichwani kwa miaka mingi na hata leo nikilisema haraka haraka linasikika kama lina akili. Hakuna ugonjwa hata mmoja ambao mtu angeweza kuugua akapata ruhusa yangu ya kwenda kwa dakta.

Alinitazama kidogo. Alikuwa na nguvu za kunishinda siku ile. Angeshika tenga lake akaondoka nisingemzuia kwa mkono, sikuwa mume wa namna hiyo. Lakini alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa mtunzaji wa machela, mtu aliyeaminiwa kujua mambo ya wagonjwa. Akavua kanga ya juu, akaikunja, akaingia ndani. Karoti nikazipeleka njia panda mwenyewe. Wale wanawake waliuliza yuko wapi, nikasema anapumzika.

Jumatano nilichemsha majani ya mkaratusi, nikamfunika blanketi ajifukize. Alhamisi nikamfukiza tena, na mchana ule akanywa uji bakuli zima, akaomba achaniwe nywele. Binti yetu mkubwa alimchana. Nilifurahi mno. Nilitoka nikamwambia fundi cherehani kwamba majani yamefanya kazi. Yeye akasema aliniambia toka mwanzo, jambo ambalo hakuniambia, ila sikubisha kwa sababu nilikuwa na furaha. Homa ile ilishuka mchana na ikapanda jioni kama ilivyokuwa ikifanya kila siku tangu Jumamosi. Nilihesabu kushuka. Kupanda sikukuhesabu.

Ijumaa asubuhi nilimwinua nimpe maji, akaanguka upande. Nikamwinua tena, akaanguka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Fundi cherehani aliingia, akasimama mlangoni, akauliza lile swali, maana kila mtu kijijini alilijua.

"Anakaa?"

"Hakai," nikajibu.

Nikapanda juu ya kigoda nikaishusha machela.

Watu wanane walipatikana upesi, balozi hakusita. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokoma. Kwenye mteremko mkali waliomtangulia walinyanyua miti mabegani na wa nyuma waliishusha hadi magotini ili alale sawa. Mmoja wao, binamu yangu ambaye alimtania mke wangu tangu siku ya harusi, alimwambia, "Shemeji, leo tunakubeba kama bibi harusi. Usituzoee." Nilimwona mke wangu akinyanyua vidole viwili kutoka kwenye blanketi, kama mtu anayemfukuza kuku. Ndilo jibu la mwisho alilompa mtu yeyote.

Dakta alimpokea mwenyewe. Alimchoma sindano, akamsikiliza kifua pande zote, akamwambia nesi amwinue kwa mito. Akaniuliza ameugua siku ngapi. Nikahesabu, nikasema ya saba hii. Akauliza mara ya mwisho kutembea ni lini. Nikasema Jumanne alitaka kuja, alikuwa amekwisha kuvaa. Alirudi kwa mgonjwa.

Alifariki nikiwa nimemshika mguu, kwa sababu upande wa kichwa walikuwa dakta na nesi. Mguu ulikuwa wa moto sana. Nesi alimfumba macho. Wale wanane walikuwa wamekaa barazani wakikamua mashati yao, nikatoka nikawaambia, wakainuka wote pamoja.

Baadaye dakta alitoka akanawa mikono kwenye ndoo karibu nami. Nilimwambia, si kwa hasira, "Nilijua."

"Ulijua nini, ndugu?"

"Kwamba mtu wa kwetu akija huku harudi."

Alikausha mikono taratibu. Alikuwa kijana kuliko mimi. "Watu wa kwenu nawaona kila Jumanne," alisema. "Wanakuja na kuondoka. Wewe si nilikushona mguu?"

"Hao wanakuja kwa miguu. Nasema wa machela."

"Machela nani anaitoa?"

"Mimi."

"Unaitoa wakati gani?"

Nikamjibu, "Asipoweza kukaa tena."

Niliyasikia maneno yangu yakitoka. Sijui niseme vipi. Ni kama mtu aliyezoea kupita chumba chake gizani miaka yote, siku moja akapiga kichwa ukutani, ukuta ambao aliujenga mwenyewe. Mimi ndiye niliyechagua nani apande. Nilichagua waliokwisha kufa nusu. Kisha nikakata alama kwenye mti na kusema dakta ndiye anayeua. Nilishika nguzo ya baraza. Dakta alinishika bega, akaingia ndani kuandika.

Tulimpandisha mke wangu kwa machela ile ile, tukamzika kabla ya magharibi.

Matanga yalikuwa siku tatu. Wanaume tulikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanawake ndani na uani. Siku ya pili mazungumzo yakafika pale nilipojua yatafika. Mmoja akasema sasa ni kumi na mbili. Fundi cherehani, ambaye alikuwa na kikohozi na alikuwa akitema kando kila mara, akasema kabla zahanati ile haijajengwa watu hawakuwa wakifa hivi. Hakuna aliyemwuliza kama aliwahi kuwahesabu waliofia majumbani. Mwingine akasema tatizo si zahanati, tatizo ni machela, miti ile imeshika kifo, ichomwe moto. Mwingine akasema hapana, haya yote yameanza tangu tuhamie hapa, kule vilimani machela ilikaa miaka haina mzigo. Kule vilimani, kweli, ilikaa miaka. Zahanati haikuwapo, hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima, tungempeleka mtu mara ngapi?

Niliwasikiliza kwa mshangao ambao siwezi kuueleza kwa watu wasiopatwa nao. Wale walikuwa majirani zangu, watu wazima, waangalifu, wanaojua siku gani ya kupanda maharage na ng'ombe yupi atazaa jike. Kila mmoja alikuwa na ushahidi mkononi. Na kila neno walilosema nilikuwa nimelisema mimi, mengine walikuwa wameyapata kwangu, jikoni kwangu.

Balozi akageuka akaniomba nami niseme, nyumba ni yangu. Nikasema. Sikuwa nimejiandaa. Nikawauliza mke wa fundi cherehani alipata wapi sindano. Nikawauliza mguu wangu ulishonwa na nani. Nikamtaja huyu na huyu, watu waliokuwa wamekaa pale pale, aliyekwenda na jicho, aliyepeleka mtoto wa kuharisha. Nikasema hao hatukuwakatia alama kwenye mti. Nikasema machela inabeba watu wanaokufa kwa sababu mimi siitoi mpaka mtu awe anakufa.

Fundi cherehani akaniita bwana kwa kilugha chetu, akasema kwa upole, "Mgosi, msiba umekuelemea. Pumzika."

Hapo sauti ikatoka nyuma ya mlango. Alikuwa mama mkwe wangu. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawatazamani usoni. Akinijia njiani mimi hupisha kando nikatazama chini. Miaka kumi na minne alikuwa akinisalimia kupitia kwa binti yake. Siku ile alisema nami mbele ya watu.

"Mkwe. Jumanne mwanangu alikuwa anatembea?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa amevaa?"

"Alikuwa amevaa, mama. Alikuwa na tenga."

"Akataka kwenda."

"Ndiyo."

"Nani alimkataza?"

"Mimi."

Mtu mmoja akaanza kusema kwamba ni mipango ya Mungu, sote tuko njia hiyo. Mama mkwe akamkatiza. "Mungu simsemi. Nazungumza na mkwe wangu." Nilisikia wanawake wakimshika, na kanga zao zikisuguana na mlango.

Siku arobaini zilipita hakunipelekea salamu. Sikushangaa. Watoto walikwenda kwake wakarudi na ndizi, na hawakuwa na ujumbe.

Katika siku hizo nilifanya kazi moja. Nilikata alama ya kumi na mbili. Kisha nikaugeukia ule mti wa pili, ambao ulikuwa mtupu, nikakata alama ya kwanza ya mtu aliyekwenda kwa miguu, nayo ilikuwa yangu. Halafu nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza. Watu walinijibu kwa huruma, wengine kwa utani. Binamu yangu aliniuliza kama nakusanya kodi ya sindano. Lakini walijibu, na jioni nilirudi nikakata. Mti ulijaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikaacha kwa sababu niliogopa utavunjika. Niliowakuta wamekwenda kwa miguu na kufa walikuwa watatu, na hao nao niliwakatia alama yao, iliyokingama. Sikutaka kudanganya tena upande wa pili.

Waliokuja kuutazama hawakuwa wengi. Aliyeutazama kwa muda mrefu zaidi alisema, "Hawa hawakuwa wagonjwa," akaondoka.

Machela haikuchomwa. Nilikataa.

Mwishoni mwa Juni baridi ilishuka na ukungu haukuinuka mpaka saa nne. Jumatano moja asubuhi nilikuwa uani napasua kuni nikasikia mtu anabisha hodi. Nilipoinua kichwa nilimwona mama mkwe amesimama kwenye ua na fimbo yake. Nikainamisha macho, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ubavu.

"Kichomi kimenianza juzi," alisema. "Bado natembea. Twende."

Haikuwa siku ya gulio. Hapakuwa na wanawake wa kwenda nao wala tenga la kujifichia. Niliweka shoka chini, nikachukua koti. Nilitangulia mimi, yeye nyuma, na sikugeuka; nilimsikiliza kwa fimbo. Fimbo ikisimama nami nilisimama, ikigonga tena nilikwenda. Pale kwenye mteremko mkali, ambapo wale wanane walinyanyua miti mabegani, fimbo ilisimama muda mrefu. Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Sikujua kama ataukubali. Baadaye nikahisi vidole vyake, vikavu na vya moto, vimenishika kiganja. Tukashuka hivyo mpaka chini.

Dakta alinitambua. Alimsikiliza kifua, akasema ni kichomi, amewahi. Akamwandikia sindano siku tano mfululizo. Mama mkwe akaniuliza, "Siku tano kushuka na kupanda?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya."

Tulikwenda siku zote tano. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, alipumzika kila kona. Ya tatu nilimwambia nitaita watu wa machela, akanijibu, "Hiyo ya kwako ining'inie." Ya nne alianza kunisemesha njiani, habari za binti yake alipokuwa mdogo, jinsi alivyokataa kunyolewa, jinsi alivyompiga kaka yake kwa mwiko. Alizungumza na mgongo wangu. Nilishukuru kwamba hauonyeshi machozi.

Siku ya tano, tukiwa tunarudi, tulimkuta fundi cherehani amekaa juu ya jiwe kwenye kona iliyo juu ya kijito. Alikuwa ametoka kupeleka sare za watoto wa shule, anapumzika, kamba ya kupimia bado iko shingoni. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akatuuliza tumetoka wapi. Nilifungua mdomo, na naapa neno lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa gulioni, ijapokuwa siku ile ilikuwa Jumapili.

"Hospitali," alisema mama mkwe nyuma yangu. "Leo siku ya tano. Nilikuwa na kichomi kama cha mwanangu. Kimetoka."

Fundi alimtazama kuanzia miguuni, kwenye matope, hadi kichwani. Alifurahi kweli kumwona mzima, uso wake ulionyesha. Akasema, "Alhamdulillahi, mama. Kumbe kilikuwa kidogo. Kingekuwa chenyewe hasa, usingeupanda mlima huu kwa miguu."

Nilitaka kumjibu, na nilikuwa na mti mzima wa majibu nyumbani. Lakini maneno yake yalikuwa yangu, yale ya Jumanne niliyomwambia mke wangu. Niligeuka, bila kukumbuka desturi, na mama mkwe alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyemwona mwizi aliyemwibia yeye, sasa akitoka nyumba ya jirani.

Fundi akakohoa, kile kikohozi chake cha tangu matanga, akatema kando, akaomba radhi.

Mama mkwe alimwuliza, "Wewe, unaweza kukaa?"

"Naweza, mama. Si unaniona nimekaa."

"Basi hizo ndizo siku za kwenda. Kesho upite kwangu, nitakusindikiza."

Fundi akacheka. Akasema hilo ni vumbi la vitambaa tu, yeye si mgonjwa, akiugua atamwambia. Aliendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Mama mkwe aliisogeza fimbo mbele, akanipita, akatangulia yeye. Tulimwacha pale juu ya jiwe, amekaa, anakohoa na kucheka, nasi tukapanda.